Tusiihukumu giaboksi kwa makosa ya klachi

Gari kuukuu linapokataa kuingia gia katika bonde la Lambwe, hukumu hutolewa kabla ya shahidi wa kwanza kusimama kizimbani. "Giaboksi imekwisha," husema mmoja. Wa pili hutikisa kichwa kwa huzuni, naye wa tatu humtaja jamaa yake aliye Nairobi ambaye anaweza kumtafutia giaboksi ya mtumba kule Grogan. Haipiti saa nyingi kabla ya mshtakiwa kufunguliwa nati, kuvutwa kutoka uvunguni mwa gari na matumbo yake kumwagwa juu ya gunia. Nimeshuhudia kesi za namna hii kwa miaka mingi kati ya Nyatoto, Sindo na Ndhiwa, na nimefikia kuamini kwamba aghalabu mshtakiwa huyo hana hatia.

Msomaji anayeishi mjini huenda akaona kwamba hili ni jambo dogo. Kwake gari likiharibika huachwa kando ya lami, mwenyewe akapanda matatu. Lambwe si hivyo. Bonde lenyewe limebanwa baina ya milima ya Gembe na Gwassi upande wa ziwa, na genge la Kanyamwa upande wa Ndhiwa. Katikati imelala mbuga ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita 120 za mraba, iliyotengwa kama hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na kufanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1983 ili kumlinda korongo, mnyama ambaye hapa nchini hapatikani porini kwingineko. Udongo wa sakafu ya bonde ni mweusi na wa kunata. Mvua ikinyesha hugeuka uji, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kumeza kisigino. Pikipiki zimepunguza dhiki, sikatai. Hata hivyo, mama mwenye uchungu wa kuzaa, gunia kumi za mahindi au ng'ombe mgonjwa si mizigo ya pikipiki. Ndiyo maana pikapu moja nzee yenye afya ni mali ya kijiji kizima, na ikilala, kijiji kizima hulala nayo.

Kisha kuna mbung'o. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeushinda ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma, nasi wakazi tunashukuru. Lakini mdudu mwenyewe hakupewa barua ya kuhama. Huvutiwa na kitu kikubwa kinachotembea, na rangi za buluu na nyeusi humpendeza. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Aliyewahi kulala chali chini ya pikapu ya buluu karibu na Ruma, mikono yote miwili ikiwa imeshika spana, anajua kwa nini fundi huwa na haraka ya kutoa hukumu.

Magari ninayoyazungumzia si haya yanayoshushwa bandarini Mombasa siku hizi, mengi yakiwa na gia zinazojibadilisha zenyewe. Sheria yetu hairuhusu gari la mtumba lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo wazee wa barabara zetu ni wale walioingia zamani wakakataa kufa. Wapo akina Land Rover, akina Hilux, na hasa akina Peugeot 504, gari lililozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kuunganishwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi. Vijana hulicheka. Mimi silicheki, kwa maana ni gari lililotengenezwa ili mtu mwenye akili timamu na spana chache aweze kulielewa.

Jirani yangu mmoja alikuwa na pikapu ya aina hiyo. Asubuhi moja ilikataa kuingia gia ya kwanza. Akilazimisha, inalia kama jiwe la kusagia. Rivasi nayo ikawa vivyo hivyo. Fundi aliyeitwa alitamka neno lile lile, giaboksi. Ikashushwa, ikafunguliwa, na kwa kuwa kifaa chochote cha miaka arobaini kikifunguliwa hakikosi kuonyesha uchovu fulani, ushahidi ukapatikana. Fahali wawili waliuzwa. Giaboksi nyingine ikaletwa, ikapandishwa, injini ikawashwa. Gia ya kwanza ikalia kama jiwe la kusagia. Pesa zilikuwa zimekwisha na moyo umevunjika. Pikapu ile sasa imesimama chini ya mti wa siala, kuku wamefanya kiti cha abiria kuwa mahali pa kutagia. Baadaye fundi mwingine, mzee wa Nyatoto, alipita akaivua raba ya vumbi kwenye silinda ya chini ya klachi. Mafuta ya breki yakamwagika kiganjani mwake. Mpira wa ndani ulikuwa umelika, na bei ya mpira ule haimzidi kuku mmoja kati ya wale waliokuwa wakitaga mle ndani.

Nilimwomba mzee huyo anieleze jinsi anavyopima. Alinijibu, "Wuoda, gari halisemi uongo. Ni sisi tunaolikatiza likisema." Kisha akanifunza mambo ambayo nimeyatumia tangu siku hiyo, nami nayaandika hapa kwa idhini yake.

La kwanza halihitaji chombo chochote. Zima injini, kanyaga klachi, uziingize gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washa injini ujaribu tena. Iwapo zinaingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, lakini zinagoma au kulia injini ikinguruma, basi giaboksi haina kesi. Tatizo ni klachi isiyoachia. Kazi ya klachi ni kuutenga mzunguko wa injini na giaboksi kwa muda. Ikiachia nusu, meno ya gia huombwa yashikane huku upande mmoja ungali unasukumwa na injini. Rivasi ndiyo shahidi bora hapa, kwa sababu katika magari mengi ya zamani haina kifaa cha kulinganisha mwendo. Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu hadi tano, kisha uingize rivasi polepole. Ikilia baada ya subira hiyo, klachi inaburura.

Hapo usikimbilie pleti. Pampu kanyagio mara mbili tatu upesi upesi. Kama gia sasa zinaingia, basi kuna hewa ndani ya mfumo wa mafuta au silinda mojawapo inavuja. Tazama kopo la mafuta lililo karibu na injini. Tazama silinda ya juu, ile iliyo nyuma ya kanyagio, uone kama zulia limelowa. Tazama silinda ya chini, ubavuni mwa giaboksi, kama alivyofanya mzee kwa pikapu ya jirani. Gari linalotumia kebo badala ya mafuta huwa na kasoro nyingine: kebo hulegea, au nyuzi zake hukatika mmoja mmoja hadi siku ya soko. Na kama gari lilisimama msimu mzima wa masika bila kuwashwa, huenda pleti imeshikana na flaiwili kwa kutu, jambo ambalo nimeliona mara mbili katika bonde hili lenye unyevu, na halikuhusiana na gia hata kidogo.

Baadhi ya watu huchanganya klachi inayoburura na klachi inayoteleza. Hizi ni ndugu wasiofanana. Inayoteleza huziruhusu gia ziingie vizuri, lakini mlimani injini hupiga kelele ilhali gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua huingia puani. Hiyo ndiyo pleti iliyokwisha, au iliyolowa oili. Haina haja ya maneno mengi, inunuliwe nyingine.

Sasa chukua gari ambalo gia zake zinagoma hata injini ikiwa imezimwa. Hapa wengi husema, naam, leo giaboksi imenaswa. Ngoja kwanza. Baina ya mkono wako na giaboksi kuna vyuma vya kuunganisha, na katika Peugeot 404 na baadhi ya 504 ambazo mkono wa gia umetokeza ubavuni mwa usukani, safari ya vyuma hivyo ni ndefu na ina viungo vingi. Kila kiungo kina bushi. Bushi zikilika, mkono wa gia hucheza kama jino la mtoto: unaomba ya pili, unapewa ya nne, au hupewi chochote. Ongeza udongo wetu mweusi, unaojishindilia kwenye viungo hivyo wakati wa matope na kukauka kama saruji wakati wa kiangazi. Nimewahi kuona gari "lililokufa giaboksi" likafufuliwa kwa ndoo mbili za maji na brashi.

Upimaji wake ni wa watu wawili. Mmoja anaketi ndani na kusogeza mkono wa gia. Mwingine analala chini, magurudumu yakiwa yamewekewa mawe na injini imezimwa, akitazama vyuma vinavyoingia ubavuni mwa giaboksi. Kama mkono unakwenda mbele na chuma hakitikisiki, mhalifu amepatikana njiani. Mafundi wetu hukata bushi kutoka kwenye kandambili kuukuu, na bushi hiyo itakufikisha Homa Bay. Nasema itakufikisha Homa Bay. Sisemi uiache humo mwaka mzima.

Kagua pia mipira inayoibeba injini na giaboksi. Ikikatika, injini huinuka unapoongeza mafuta na kuvuta vyuma vya gia pamoja nayo. Gia huruka, dereva hulaumu meno ya ndani, kumbe nyumba nzima inayumba.

Kuhusu oili nitasema zaidi, kwa kuwa hapa ndipo tunapoua giaboksi nzima kwa mikono yetu. Kwanza, watu wengi hawajui kama ina oili. Wanabadilisha ya injini kwa uaminifu, lakini ile ya giaboksi huachwa tangu mwenye gari wa tatu hadi wa saba. Pili, tunadhani oili yoyote nzito ni oili ya gia. Si kweli. Kwa 504 ya gia nne, watengenezaji waliagiza oili ya injini itiwe ndani ya giaboksi, nami nimebishana na watu wazima waliodhani kwamba natania. Magari mengine yanataka oili ya gia, lakini hata hiyo ina madaraja. Ile iliyokusudiwa difu, iliyoandikwa GL-5, huwa na kemikali kali za kulinda meno yanayosuguana kwa nguvu nyingi, na kemikali hizo zinaweza kuzidhuru ringi za shaba zilizomo katika giaboksi za zamani. Hizo kwa kawaida hutaka GL-4. Herufi hizo zimeandikwa kwenye kopo. Anayeuza oili ya kupimwa kwa chupa ya soda hawezi kukuonyesha kopo, basi usinunue kwake.

Ukifungua nati ya kujazia, ingiza kidole. Oili iliyo na rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na hilo si ajabu kwa gari lililovuka vijito vilivyofurika, maana giaboksi ina kitundu cha kupumulia nacho hunywa maji kama mdomo. Imwage yote, usisubiri. Kama kuna unga unaometameta, chukua sumaku. Ile ya spika ya redio iliyoharibika yatosha. Unga unaokataa kushikwa na sumaku ni wa shaba, yaani ringi zinalika. Unga laini kidogo wa chuma ni uzee wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvihesabu ni habari mbaya, na hapo ndipo mimi mwenyewe nitasaidia kuishusha giaboksi.

Ringi hizo za shaba zastahili maelezo. Kabla ya mwaka 1928, kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipozitoa kwa mara ya kwanza katika magari ya kuuzwa, kila dereva alilazimika kuulinganisha mwendo wa gia kwa mguu na sikio. Ringi zilichukua kazi hiyo: husugua kwanza, zikalinganisha mwendo, ndipo meno yakashikana. Land Rover za kale hazikuwa nazo katika gia za chini. Ni mwaka 1971, ilipotoka Series III, ndipo gia zote za mbele zilipopewa. Madereva wa enzi hizo walijua kukanyaga klachi mara mbili. Unakanyaga, unatoa gia, unaachia. Ukiwa unashuka gia unagusa mafuta kidogo. Unakanyaga tena, unaingiza. Ufundi huo umepotea, nao ungeweza kuokoa magari mengi. Kama gari lako linalia katika gia moja tu, aghalabu ya pili, na nyingine zote zikiingia bila neno, basi ringi ya gia hiyo imelika. Giaboksi ina hatia, nakiri. Lakini ni hatia ndogo, na dereva anayejua kukanyaga mara mbili ataendelea kuitumia huku akikusanya fedha bila kuuza fahali.

Kosa moja sivumilii likaahirishwa, nalo ni gia inayoruka yenyewe. Mwenye gari lililo tambarare atalichukulia kama kero. Anayeteremka Kanyamwa na mzigo mgongoni hana ruhusa hiyo. Pale mteremkoni gia ya chini ndiyo inayolishika gari, nayo breki husaidia tu. Gia ikiruka, uzito wote huhamia kwenye breki, breki hupata moto, na breki iliyopata moto hudhoofika wakati ule ule unapoihitaji zaidi. Nimeona madereva wakifunga mkono wa gia kwa ukanda wa mpira ili usiruke. Aidha wapo wanaotoa gia kwa hiari yao wakiteremka, eti kubana petroli. Wote wawili wanambebesha abiria deni asilolijua. Gari la namna hiyo lisimame hata kama kuna mazishi, hadi ijulikane kama ni bushi, mipira ya injini, springi ya kushikilia gia au meno yenyewe.

Sasa niingie katika lililonifanya nichukue kalamu. Kwa nini mafundi wetu hukimbilia kuishusha giaboksi ilhali upimaji wote huu hauzidi nusu saa? Wako wanaosema ni ujinga, na wengine ni tamaa. Mimi nasema ni sisi wenye magari. Siku moja nilimkuta yule mzee wa Nyatoto akimhudumia mteja. Aliuliza maswali: ni gia zote au moja? Asubuhi au baada ya gari kupata moto? Lilivuka maji lini? Akamwambia mteja akanyage, aachie, azime, awashe. Akalala chini, akainuka, akakaza nati mbili za kebo. Gia zikaingia kama kisu kwenye papai. Mteja akauliza bei, na alipoambiwa akaruka: "Jaduong', umekaza nati mbili tu! Nikulipe nini?" Akaacha sarafu chache na kwenda zake. Mteja huyo huyo angeombwa mara kumi ya kiasi kile kwa kazi ya kuishusha na kuipandisha giaboksi, angelipa huku akimsifu fundi kwa jasho lake.

Tunalipa jasho, hatulipi sikio. Hospitalini tunatoa ada ya kuonwa na daktari hata tukiambiwa kwamba hatuna ugonjwa, tena tunarudi nyumbani kwa furaha. Fundi anayetuambia gari letu haliumwi sana tunamwona mvivu. Basi tusishangae kijana aliyefuzu majaribio ya ufundi ya serikali, daraja la tatu hadi la kwanza, anapogundua upesi kwamba maarifa yake ya kupima hayamlishi, na kwamba kila nati anayoifungua humlisha. Ninayo huruma kwake. Ana watoto wa shule kama mimi.

Pendekezo langu kwa wenye magari wa Nyatoto, Sindo, Magunga na Ndhiwa ni kwamba tukubaliane juu ya ada ya kupima. Isiwe kubwa, tuseme ujira wa kibarua wa nusu siku. Ilipwe peke yake, mbali na kazi ya spana, na ilipwe iwe gari limekutwa na ugonjwa au la. Kwa ada hiyo fundi atoe jibu kwa maneno: gia zipi, lini, injini ikiwa katika hali gani, na ni shahidi gani anayemwonyesha mwenye gari kwa macho yake. Pasipo jibu hilo, giaboksi isifunguliwe. Mwenye gari naye awe na daftari la kuandika siku oili ilipobadilishwa na aina yake, ili fundi wa pili asianze upofuni.

Nilimweleza mzee wa Nyatoto wazo hili wiki iliyopita, akiwa anakata bushi kwenye kandambili. Aliwaza kidogo, kisha akaniuliza kama ada hiyo italipwa kabla ya kupima au baada ya gari kupona. Nikamjibu kabla.